Kumbatio Lisilo na Mlio

Tangu vizibao vya nguvu, vyenye mikono ya mashine, vianze kuinua, kusukuma na kukumbatia kwa niaba ya watu, misuli ya vifua ilinyauka. Mwanaidi hakukubali. Kila alfajiri aliusukuma ukuta wa jikoni kwa viganja, mpaka kifua kikawaka moto na ile misuli inayovuta mikono ije mbele ikaanza kumtii.

Leo alivua kizibao, akamvuta bintiye, Raziki, kifuani.

“Mama, mbona hakilii?” Raziki aliuliza. Vizibao vyote hulia kabla ya kuachia.

“Nimekivua, mwanangu. Ni mimi mwenyewe.”

“Sasa nitajuaje kama umeshamaliza?”

Mwanaidi alizidi kumbana, na mtoto akaendelea kusubiri mlio.