Zamu ya Maji

Maji ya mfereji yalikatika ghafla, bibi akabaki na jembe hewani.

Mfereji huo, uliochimbwa na mababu kutoka kijitoni, ulikuwa wa nyumba kumi na moja, kwa zamu na kwa matusi. Wengine wote wakahama. Mwaka wa tisa huu maji ni yake peke yake, na hata wa kugombana naye hana.

Akapanda juu akifoka. "Nani kanizibia maji? Ni zamu yangu!"

Jiwe la kugawia maji lilikuwa limekandikwa tope bichi, lenye alama za vidole vitano. Maji yalielekea shamba la jirani aliyehama, lililogeuka pori.

"Bado kidogo, mama!" sauti ikajibu vichakani. "Nikimaliza nakuachia!"

Bibi akaketi kando ya jiwe.

"Wala usiharakishe, mwanangu."