Nguo ya Harusi ya Tenin

Nyakale alikuwa amepiga magoti uani, akichora kwa tope jeusi la mtoni, lile liachalo rangi isiyotoka kitambaani, nguo ya harusi ya Tenin, msichana aliyemlea na kumfundisha kazi hiyo kama mdogo wake wa tumbo moja. Alichora alama za heri avaazo bibi harusi, huku akiimba.

"Na huyo bwana harusi utanificha mpaka lini?" alimtania.

Tenin akainamisha kichwa. "Dada, ni Baba Seku."

Baba Seku alikuwa mume wa Nyakale. Asubuhi ile alikunywa uji aliompikia, akasimama akaisifu nguo.

Nyakale aliinua mkono kutoka kwenye nguo. "Naye alijua namchorea nani?"

"Yeye ndiye aliyesema hakuna mwenye mkono kama wako."

Nyakale aliinama tena juu ya nguo. Alimalizia mstari wa mwisho, ukatoka umenyooka. Kisha akaikunja nguo ikiwa mbichi, michoro ikavurugika, akamtupia Tenin mabegani.

"Kaifue mwenyewe. Tope litatoka, weusi utabaki."

Tenin akashika njia ya mtoni, tope likimchuruzika mgongoni hadi visiginoni.