Mizabibu ya Loisi

Walimnyang'anya Yotham jembe kabla halijagusa udongo.

"Shikamoo mzee. Wewe kaa na mama, sisi tupo," Elisha alisema, akaanza kulima tuta ambalo si lake.

Yotham aliduwaa. Katika bustani hii ya kikundi, nje kidogo ya Haneti, sheria ni moja: kila mtu na tuta lake. Mwaka jana mwenzao Salma alilima na mimba kubwa, na hakuna aliyemhurumia. Leo mawingu ya mvua za kwanza yanakusanyika, kila mtu ana haraka zake, na bado watu wanagombania kumlimia yeye. Basi wamejua kuhusu Loisi, aliwaza.

Wiki iliyopita alikwenda na mkewe hospitali, yeye na tumbo lake, Loisi na kifua chake. Wakapimwa wote. Yotham alipewa vidonge, akaambiwa ni vidonda tu. Kisha Loisi akaitwa ndani peke yake, akatoka na macho mekundu.

"Vumbi tu, baba Devota," alisema.

Yotham alingoja naye aitwe, aelezwe. Hakuitwa. Njia nzima ya kurudi, Loisi alitazama dirishani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo wasemavyo watu ambao hawajalala kitanda kimoja na mgonjwa. Yotham angefanya nini? Hata kumkumbatia aliogopa, Loisi asije akatambua kuwa anajua. Alijaribu kumweleza Evodia, mwenyekiti wa kikundi: "Mwanangu, kuhusu pale nyumbani kwangu..." Evodia hakumwacha amalize.

"Tumeshasikia, baba," alisema, machozi yakimlengalenga.

Tuta lilipokuwa tayari, Yotham alichota mbegu za mchicha. Mchicha huwahi. Angalau Loisi ataula.

"Mchicha panda wewe," Loisi akamwambia. "Mimi napanda mizabibu."

Elisha aliacha kulima. Wanawake walioleta samadi walitazama chini. Mzabibu uliopandwa leo hauzai kesho wala mwakani, na pale hakuna asiyejua hivyo.

"Sawa, mama Devota. Panda."

"Nionyeshe. Shimo liende chini kiasi gani? Samadi inatangulia au udongo? Na kupogoa, unaanzia wapi?"

Miaka yote hizo zilikuwa kazi za Yotham, naye Loisi hakuwahi kuziulizia. Leo aliuliza kila kitu, akarudia, akamtaka amsahihishe. Yotham alimwelekeza. Masikini mke wangu, aliwaza, unajifunza ya nini? Alimwonea uchungu hadi akashindwa kumtazama usoni.

Mche wa mwisho uliposimama, alichukua ndoo akaenda kuchota maji kwenye tangi. Mkewe na Evodia walikuwa upande wa pili, wakinawa miguu. Hawakumwona.

"Nimejua kuchimba, nimejua kutia samadi," Loisi alikuwa akisema. "Kupogoa bado kunanichanganya. Itabidi Elisha anifundishe tena, baadaye."

"Utafundishwa, mama. Lakini mzee utamwambia lini?"

Loisi alisugua tope kisiginoni.

"Daktari amenikataza. Amesema tumbo lake halina dawa tena, nimwache apande mchicha wake kwa furaha."