Breki za Sufuria

Dereva alikuwa amepiga magoti jikoni, simu mkono mmoja, msumari mkono wa pili, akiparuza sufuria kubwa ya mkewe kutoka ukingoni hadi kitakoni. Sufuria ililia hadi meno yakaingia ganzi. Mwenyewe alifumba macho kwa raha. Hizo ndizo zilikuwa breki za treni.

"Bwana wee, sufuria yangu hiyo," mkewe akasema kutoka mlangoni, bila hata kupandisha sauti.

Dereva akamwashiria anyamaze. Alikuwa anarekodi.

Tuseme kweli, jina la Dereva alijipa mwenyewe. Alikuwa karani katika duka la vigae, na chombo pekee alichowahi kuendesha ni toroli la dukani, nalo alilipindua. Lakini akitoka kazini, mbele ya kompyuta, alikuwa bingwa. Alikuwa na mchezo wa kuendesha treni, na sauti zilizokuja na mchezo huo hazikumridhisha. Alisema treni zao zinalia kama cherehani. Basi akawa anatengeneza zake: mngurumo wa darajani, honi, breki. Kisha anapachika alama kwenye reli za mchezo, ili treni ikikanyaga alama, sauti ifyatuke. Mtu mzima na ndevu zake, jioni nzima anasogeza alama mbele kidogo, nyuma kidogo, chakula kinapoa mezani.

Mkewe aliwahi kulalamika kwamba anaishi na mgongo wa mtu. Dereva akamjibu kwamba tatizo lake yeye hana masikio, ana mahali pa kutundikia hereni tu. Na ili kumthibitishia, safari yake ya kwanza ilipokamilika, sauti zote zikiwa zimeungwa kuwa rekodi moja ndefu, aliitia kwenye simu ya zamani ya mkewe, ile ya kusikilizia redio, akamwamuru aisikilize mpaka mwisho aseme kasoro iko wapi.

Kesho yake mkewe akasema ni nzuri tu. Dereva akacheka kwa dharau. Kasoro ilikuwepo, mwishoni kabisa, tena ya wazi, naye alikuwa ameshaikata kwenye kompyuta. Aliona hapo hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Tangu siku hiyo mkewe hakulalamika tena. Badala yake akaanza kusafiri. Mama yake, alisema, miguu inamsumbua. Akawa anapanda treni mara kwa mara kwenda kumwangalia, na Dereva akawa anamruhusu kwa moyo mkunjufu, maana nyumba ikiwa tupu inafaa kurekodia. Kila safari mkewe alipiga simu, maneno machache, treni ikinguruma nyuma yake, akakata.

Aliyekuja kumharibia raha ni dada yake. Hata kuketi hakuketi. Alimsimamia kichwani mpaka Dereva akavua hedifoni, ndipo dada akamwambia kwamba wifi yake siku hizi anakwenda kuuguza akinukia marashi na kurudi ameng'aa, na yeye hajaona mgonjwa wa namna hiyo.

"Kaka, mkeo anakuponyoka huku umeziba masikio. Umewahi hata kumsindikiza stesheni?"

"Ya nini?" Dereva akajibu. "Mimi stesheni naijua kwa kusikia."

Dada yake akaguna, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Lakini maneno yalikuwa yameingia. Dereva alimpenda mkewe, kwa uvivu, jinsi mtu anavyopenda kiti alichozoea kukalia, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba kiti hicho kinaweza kuondoka. Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akakaa anaitazama. Baada ya muda mkewe akapiga yeye.

"Nilikuwa sijakusikia, mume wangu. Tuko njiani. Mtandao wenyewe mbovu, nitakata."

Na nyuma yake treni hiyo, inanguruma. Dereva akashusha pumzi. Akamcheka dada yake moyoni, yeye na umbea wake.

"Usikate," akasema. "Hebu niache nisikilize."

"Usikilize nini?"

"Treni."

Mkewe akasita. Kisha akacheka kidogo, akasema haya.

Dereva akaweka simu mezani, akaongeza sauti, akafumba macho. Mngurumo wa darajani ukaja, mzito, sawasawa na aliotengeneza yeye. Honi ikalia, fupi kisha ndefu, sawasawa na yake. Kifua kikamjaa. Kuna wapuuzi mtandaoni waliowahi kumwandikia kwamba treni yake inanuka jiko. Laiti wangekuwepo wasikie jinsi treni ya kweli inavyomfuata hatua kwa hatua. Mkewe alikuwa anamweleza habari za kiti cha dirishani na abiria mwenye mizigo, lakini Dereva hakuwa anamsikiliza. Hakuwahi kumsikiliza.

"Sasa breki," akanong'ona.

Breki zikalia hadi meno yakaingia ganzi.

"Ndiyo tunaingia stesheni," mkewe akasema. "Mama ameshatuma mtu wa kunipokea."

Na nyuma yake, humo humo ndani ya behewa, mkewe huyo huyo akasema, bila hata kupandisha sauti: "Bwana wee, sufuria yangu hiyo."