Udi Kwenye Utando Mbichi

Nyumba mpya haiwashwi umeme mpaka bibi harusi apake ukutani utando wa betri kwa mkono wake. Utando ukishindwa kipimo cha mkaguzi, harusi inangoja mwaka.

Arafa alipaka tabaka la mwisho, akafunga chumba likauke bila vumbi. Aliporudi akakuta bibi yake amefukiza udi mle ndani, na masizi yameganda kwenye utando.

"Bibi, umeniharibia."

"Chumba cha mwali hakikosi udi, mjukuu wangu."

Mkaguzi alipima mara mbili. Betri za mtaani huwasha nyumba siku tatu. Hii ingewasha tisa.

"Umetia nini?"

Kila alichoandika mkaguzi kiligeuka sheria kwa kila mwali.

"Mkono wangu tu," akajibu Arafa.

Nyuma yake, bibi alikifunika chetezo cha udi kwa upindo wa kanga. Kesho wangekwenda kufukiza kwa mwali wa jirani.