Wa Kwanza Kuingia

"Vunja," alisema Mama Padri.

Fundi mwashi aligeuka, mwiko mkononi. Lipu ya mlango wa kikanisa kipya ilikuwa bado mbichi, na mwenyewe alikuwa ameshaanza kuisifia moyoni.

"Mama, nimepima. Paroko atapita na monstransi ya Ekaristi mikononi, na wabeba mwavuli watapita nyuma yake."

"Ubavu kwa ubavu, na nafasi katikati yao?"

Fundi aliutazama tena mlango. Kisha akaokota tindo na nyundo, akaanza kubomoa alichokijenga asubuhi. Si kawaida yake. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia ukuta wake umepinda, atakwambia yaliyopinda ni macho yako.

Parokia nzima ilikuwa mbiombio. Kikanisa hicho cha kuabudu Ekaristi, ambamo watu wangekuja kwa zamu, kila mmoja saa yake ya ukimya, kilikuwa kimejengwa kwa kusuasua tangu msingi. Leo watu hawakukumbuka hata kula. Kilitakiwa kiwe tayari kesho, maana kesho mwana wa Mama Padri alikuwa anakuja, naye alishatoa neno lake kwa simu: "Kikanisa kikiisha, Mama, mimi ndiye wa kwanza kukaa humo. Mtu asinitangulie."

Ni yeye aliyepiga jembe la kwanza la msingi alipokuja likizo, akiwa na kanzu yake nyeupe. Mama alimgombeza kwa lile tope, kisha akaifua mwenyewe. Kanzu hiyo hiyo ndiyo aliyoipiga pasi juzi, nayo ilishatangulia huko aliko mwanawe. Kilichobaki ni ahadi. Asingekubali ivunjike kwa sababu ya rangi au mlango.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku aliposema anataka seminari, mama alijifungia chumbani akalia, kisha akatoka akamfungia sanduku. Tangu hapo alikuwa akigawana mwanawe na kila mtu. Kijana akija likizo, hajaweka hata begi chini, watu wameshajipanga uani: huyu anataka baraka, yule mama mkwe hajiwezi, wale ndoa inawaka moto. Mama alibaki jikoni na chai inayopoa. Hata kwenye simu alipata nafasi ya kugomba tu.

"Punguza mwendo wa hiyo pikipiki, mwanangu. Wagonjwa watakusubiri."

"Hawasubiri, Mama," alikuwa akicheka. "Ndiyo maana nakimbia."

Ilimuuma. Alimpenda Mungu, lakini ilimuuma, na hakumficha Mungu jambo hilo.

Aliingia ndani na ndoo ya maji. Wanawake waliokuwa wakisugua sakafu walikatisha mazungumzo. Mmoja akainuka kumpokea ndoo.

"Kaa, Mama. Tutamalizia sisi."

"Nikikaa nitafanya nini?"

 Wakampa tambara, akapiga magoti kati yao, akasugua.

Mbele, katekista alikuwa akihangaika na mabenchi.

"Hayo mawili ya mwanzo yatoke kabisa," Mama Padri alimwambia.

"Yatatoka. Na Padri tutamweka aelekee watu, Mama. Ndio utaratibu wa mapadri."

"Miaka yote ameelekea watu." Alikamua tambara mpaka vidole vikamuuma. "Kesho aelekee altare. Aiangalie Ekaristi yake, apumzike na shida za watu."

Katekista ana kanuni ya kila kitu, hata ya namna ya kushika kamba ya kengele. Akamtazama Paroko, aliyekuwa amesimama mlangoni huku vumbi la fundi likimwagika mabegani mwake.

"Iwe anavyotaka mama," alisema Paroko.

"Na lile ombi langu jingine, Baba?"

"Saa moja. Wewe na yeye tu. Kengele ikilia nitawafungulia watu. Wa parokia yake nao wanakuja, ni wengi."

"Saa moja haitoshi," alisema Mama Padri. "Lakini nashukuru. Wameshaondoka huko?"

"Wameshaondoka. Wanakuja polepole."

Gari lilifika kesho yake mchana. Watu walijaa mpaka barabarani. Mama Padri hakwenda getini kumpokea. Alisimama kwenye mlango wa kikanisa, akagusa lipu. Ilikuwa na unyevunyevu bado, ikamwachia unga mweupe kiganjani. Akasogea pembeni wapite, na macho yake hayakubanduka kwenye kingo za mlango mpaka wote walipokuwa ndani. Mlango ulitosha. Fundi, aliyekuwa amejificha nyuma ya umati, alijifuta uso kwa kofia yake.

Paroko aliweka monstransi juu ya altare, akawasha mishumaa, akapiga goti. Halafu akawatoa watu wote, akaurudisha mlango taratibu.

Kukawa kimya. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyekuja na mgonjwa wake. Mama Padri alivuta kigoda, akakaa karibu na mwanawe kabisa, kama alivyokuwa akikaa naye enzi za kumfundisha kusoma.

"Umefika, baba," alisema. "Wa kwanza, kama ulivyosema."

Kisha akatoa leso, akaanza kufuta alama nyeupe za viganja vyenye lipu ambazo wanaume sita waliombeba walikuwa wameziacha kwenye kifuniko cha jeneza.