Sauti ya Gari ya Papa Chishimba

Papa Chishimba aliingia kwa Moustapha, fundi wa kuchomelea, na bomba ya moshi kwenye bega, imetoboka sawa chujio. Muntu wa miaka makumi sita na tatu, magoti yanalia, na bado anatafutia gari ya sport ya milango mbili sauti ya muzuri. Njiani alijicheka mwenyewe.

"Gari iko wapi, papa?"

"Ku nyumba. Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa wetu, alisema akisikia tena makelele, ananinyanganya ufunguo. Courant ya umeme hawezi kutuletea, barabara hawezi kutengeneza, lakini masikio yake inatumika muzuri."

Bila ufunguo, angeenda kula kwa mukwe wake, bibi wa mutoto wake mwanaume, na yule mama anapikaka kama muntu anayelipiza kisasi.

Moustapha akatoa bomba mbili za kuunganisha échappement, njia ya moshi, ya kushoto na ya kuume. Moja ilifanana ngazi ya kidaraja kimoja. Ingine ilipishana kama mikono ya muntu aliyekasirika.

"Hii ya kupishana inaleta mbio, inalia sawa nyuki. Ya ngazi inanguruma chini chini. Unaendeshaka masaa ngapi kwa siku?"

"Tano. Siku ya samedi, saba."

"Vitesse gani, gia ya ngapi?"

"Ya ine. Bila kushusha."

Moustapha alimwangalia toka kofia mpaka viatu. "Ya ine, mu hii mashimo yetu? Na pneu, matairi, unabadilisha kila wakati gani?"

"Tangu Albertine wangu afe, hata moja. Miaka kenda."

"Papa, weye ni pilote wa mashindano. Ao muongo. Ao unatafuta bibi."

"Banamuke hawanikosi. Kila siku banapanga mustari ku mulango, sababu yangu."

Chishimba akabeba ya ngazi. Muzee atapeleka mbio wapi?

Saa sita, ku nyumba, alilala chini ya gari, akakaza bulo za kushika bomba, akaungua kiwiko, akalaani wakubwa wote kuanzia juu, mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani kwa awamu mbili, kichwa kwanza, magoti baadaye. Akawasha, akatia ya ine, akakanyaga.

Gari ikanguruma taratibu, kama muntu aliyeshiba. Mabati ya jirani hayakutetemeka.

Gari haikusogea hata kidole. Ilisimama juu ya matofali, gurudumu ya nyuma isiyo na pneu ilizungusha mukanda murefu uliofika ku mashine, na Mama Constance, wa kwanza kwenye mustari, akamimina beseni yake ya mahindi mu kinywa cha ile mashine ya kusaga.